Ovakloki Haishiki? Wewe Si Mjinga, Uliuziwa Kufuli

Wasee, leo niko na hasira na sitaificha.

Wiki jana binamu yangu alinipigia simu saa tano usiku, sauti yake ni ya mtu ambaye amekuwa akilia na hataki ujue. Kazi yake ni kuhariri video: harusi, ruracio, bathidei za watoto, ibada za makanisa. Hiyo ndiyo inamlipia keja. Alikuwa amenunua kompyuta ya mezani town, kwa moja ya zile ghorofa zenye maduka ya vioo yamebanana kama vibanda vya kuku. Elfu 42. Nusu aliweka kidogo kidogo kwa miezi 7, nusu ni mkopo wa chama. Tangazo lilisema hivi: i7 ya gemu, imeovaklokiwa mpaka 4.8GHz.

Amefika nyumbani, video ya kwanza ya harusi inachukua dakika 70 kutoka. Laptopu yake mzee, ile aliyotaka kuiacha, ilikuwa inachukua karibu hapo hapo. Akampigia muuzaji. Muuzaji akamwambia: "Siz, hiyo ovakloki ilirudi chini sababu ya kubebwa kwa matatu. Ingia BIOS, tafuta kizidishi, weka 48, seivu. Kama haishiki, basi hujui kuweka."

Kama haishiki, basi hujui kuweka.

Alijaribu usiku tatu mfululizo. Anaandika 48, anabonyeza F10, mashine inazima inawaka, anaingia tena kuangalia, namba imerudi 40. Anaandika tena. Inarudi tena. Akaanza kuamini kwamba kweli yeye ndiye mjinga, kwamba hizi vitu ni za wanaume wa town, kwamba angesikiza mama yake anunue cherehani. Ndio akanipigia.

Mimi nasema hivi, na mtakasirika lakini nitasema: mara nyingi ovakloki ikikataa, shida si mikono yako. Shida ni kufuli. Kufuli lilitiwa kiwandani, likafichwa dukani, na sisi wenye chaneli za teknolojia tukasaidia kulificha. Kisha wote watatu tunakugeukia na kukuambia hujui kuweka.

Tuanze na kufuli lenyewe

Kwa wale hawajui, kuovakloki ni kuisukuma prosesa ikimbie juu ya kasi iliyopangiwa kiwandani. Hesabu yake ni ya darasa la nne. Kuna mdundo wa msingi, kwa mashine nyingi za sasa ni megahezi 100. Kuna kizidishi. Unazidisha. 100 mara 34 ni megahezi 3,400, yaani 3.4GHz. Ukitaka kasi zaidi unapandisha kizidishi, unaongeza volti kidogo kama inahitajika, unaangalia joto, basi.

Nilimwambia binamu yangu apakue CPU-Z, ni programu ya bure, anisomee jina. Akasoma: Core i7-6700.

Nikanyamaza. Akaniuliza, "Ni mbaya?"

Si mbaya. Ni prosesa poa kabisa, ilitoka 2015, ina viini 4 na nyuzi 8, bado inafanya kazi ya watu. Lakini haina herufi K. Ile yenye K, i7-6700K, kizidishi chake kiko wazi, unapandisha utakavyo mpaka joto au volti ikukataze. Hii yake imefungwa. Inaanzia 3.4, ikijisukuma yenyewe inafika 4.0 kiini kimoja kikiwa kazini, na viini vyote 4 vikifanya kazi pamoja mwisho ni 3.7. Hapo ndipo kiwanda kiliposema mwisho wa reli. Ukiandika 48, madabodi inakuangalia tu, inarudisha 40.

Na hata angekuwa na K, bado kuna kufuli la pili. Madabodi yake ni H110. Kwa Intel, kupandisha kizidishi kunahitaji madabodi yenye chipseti ya Z: kwa kizazi chake ingekuwa Z170. H na B hazikubali. Kwa hivyo alikuwa na mlango umefungwa na kufuli mbili, na msee aliyemuuzia akamwambia apige teke kwa nguvu zaidi.

Ati ilirudi chini sababu ya kubebwa kwa matatu! Hiyo ni kama kukuambia gari lako lilipoteza gia ya saba kwa matuta ya mtaani, na gari lilitengenezwa na gia tano. Hiyo 4.8 haikurudi popote. Haikuwahi kuwepo. Ilikuwa kwa stika.

Nani alianza kufunga

Sasa kuna wale watasema, ah, hiyo ni mambo ya muuzaji tapeli, mbona unaingiza viwanda? Ngoja niwaambie historia kidogo.

Zamani kuovakloki kulikuwa mchezo wa maskini. 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya megahezi 300. Watu wakagundua ukitoa mdundo wake wa msingi kwa 66 ukaweka 100, inakimbia megahezi 450, na nyingi zilivumilia bila shida. Mwanafunzi alikuwa ananunua kitu cha bei ndogo anapata kazi ya kitu cha bei kubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa roho ya ovakloki: kufinya shilingi mpaka itoe jasho.

Viwanda vilikuwa vimeshaanza kufunga vizidishi miaka hiyo ya tisini, na sababu moja iliyotolewa inachekesha ukiiangalia kutoka town yetu leo. Kulikuwa na wauzaji wanaochukua prosesa ya polepole, wanafuta namba juu yake, wanaandika namba ya ile ya kasi, wanauza kwa bei ya juu. Kwa hivyo kufuli lilikuja, kati ya mambo mengine, kukulinda wewe mnunuzi dhidi ya tapeli.

Sasa angalia. Kufuli lipo. Tapeli pia yupo. Alichofanya ni kuhama kutoka kuandika juu ya chip na kuandika juu ya kasha. Mtu pekee ambaye kufuli limemzuia ni binamu yangu.

Kisha ikaja 2011, kizazi cha i5-2500K na i7-2600K. Hapo Intel walifunga ule mdundo wa msingi na mambo mengine mengi ya mashine, ukiusogeza zaidi ya kidogo tu vitu vingine vinaanza kuyumba. Ile njia ya zamani ya maskini ikafa. Ukitaka kupandisha kasi, lipa K, na ulipe Z. Ovakloki ikatoka kwa mchezo wa msee asiye na doo ikawa bidhaa ya msee aliye nayo.

Bado hujakasirika? Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2010, Intel walijaribu kuuza kadi ya dola 50. Unanunua kadi, unakwangua kama kadi ya simu, unaingiza namba, na prosesa yako, Pentium G6951, inafunguliwa uwezo ambao tayari umo ndani yake: nyuzi zaidi na akiba zaidi ya kumbukumbu. Fikiria hiyo. Kitu kiko mezani kwako, umekilipia, kiko ndani ya silikoni yako, lakini umeambiwa ulipe tena ndio ukitumie. Watu walipiga kelele, na mpango ukazikwa 2011. Mnakumbuka nini kiliuzika? Kelele.

Na hii ya mwisho ndiyo iliniuma nikimwelezea binamu yangu, kwa sababu inahusu prosesa kama yake kabisa. Mwishoni mwa 2015, watengenezaji kadhaa wa madabodi waligundua kwamba kizazi hiki cha sita kinaweza kuovaklokiwa hata bila K, kwa kusogeza mdundo wa msingi. Wakatoa BIOS za kuwezesha. Ilikuwa na kasoro zake: picha za ndani ya prosesa zilizimika, hesabu fulani zikawa polepole, vipimo vya joto vikachanganyikiwa. Lakini ilifanya kazi. Watu wakafurahi kwa wiki chache. Mwanzo wa 2016 Intel wakaleta sasisho linalofunga huo mlango.

Umeelewa? Si kwamba chip ilishindwa. Ilikuwa inaweza. Ikaambiwa iache.

Utetezi wao, na jibu langu

Najua kuna mmoja anaandika saa hii: "Buda, hiyo iliyofungwa ni ya bei nafuu, ndiyo maana. Ungetaka K ungenunua K. Na karatasi ya kiwanda imesema wazi."

Ni hoja, siwezi kuikataa yote. Chip hazitoki sawa kiwandani, zingine ni imara kuliko zingine, na kiwanda kina haki ya kupanga bei. Pia sitawadanganya kwamba upande wa pili ni watakatifu. AMD tangu 2017 wameacha karibu Ryzen zote za mezani wazi, na hiyo nawapa heshima, lakini ukiiweka kwa madabodi ya A320 au A520, hupandishi kizidishi cha prosesa. Unahitaji B350, B450, B550 au zile za X. Na Ryzen 7 5800X3D ya 2022 ilikuja imefungwa, sababu ikiwa ile kumbukumbu iliyobandikwa juu yake haivumilii volti nyingi. Hiyo ni sababu ya kiufundi na naielewa.

Lakini sikizeni. Hiyo "karatasi ya kiwanda" iko wapi wakati mashine imetoka Ulaya kwa kontena baada ya kutumika ofisini miaka 5? Kasha la kwanza lilitupwa. Kilichobaki ni herufi moja kwa jina ambalo hulioni mpaka uwashe mashine ujue pa kuangalia. Tofauti kati ya kuweza na kutoweza imewekwa kwa herufi moja, kisha mtoto wa miaka 19 anaambiwa ni kosa lake hakusoma. Zii. Ukificha habari kwa herufi moja, ulitaka isisomwe.

Sisi wenye chaneli

Sasa hapa nitajichoma mwenyewe.

Binamu yangu kabla ya kunipigia alikuwa ameangalia video. Unajua ya nani? Yangu. Mwaka jana nilitoa moja inaitwa "Ongeza Kasi ya Kompyuta Yako Bure". Ndani niko na prosesa ya K, madabodi ya Z, kipoza joto cha maji, vyote vya kuazima. Nikapandisha kizidishi, nikaonyesha namba, nikacheka, nikasema "ni rahisi hivyo". Sikusema hata mara moja kwamba kwa kompyuta nyingi zinazouzwa town hiyo menyu haipo kabisa. Zile kompyuta za ofisi ambazo ndizo tunaziweza wengi wetu, BIOS zao hazina hata ukurasa wa ovakloki.

Aliingia BIOS akifuata sauti yangu. Akashindwa, akadhani ni yeye.

Nimetoa hiyo video. Na nawaambia wenzangu: ukisema "weka 48" bila kusema prosesa gani, madabodi gani na joto gani, wewe na yule muuzaji mnauza kitu kimoja. Yeye anachukua doo, wewe unachukua watazamaji. Aliyebaki na hasara ni mmoja.

Kabla hujajiita mjinga, pima

Si kila ovakloki iliyokataa ni kufuli. Kuna wakati mashine inaweza na kuna kitu kidogo kimeizuia. Kwa hivyo fuata huu mpangilio, usiruke hatua.

Kwanza jina. CPU-Z, soma prosesa na madabodi. Intel bila K, au madabodi ya H au B, acha kizidishi. Umemaliza, hakuna uchawi. Okoa usiku wako ulale.

Kama una K na Z, au Ryzen na B au X, endelea. Pili, hakikisha kweli imekataa. Watu wengi wanaangalia mashine ikiwa imekaa bure, wanaona megahezi 800, wanashtuka. Hiyo ni kawaida, prosesa inajipumzisha. Wengine wanaangalia Task Manager mahali pameandikwa kasi ya msingi. Hiyo namba mara nyingi ni ile ya kiwandani, si kasi inayokimbia saa hiyo. Fungua HWiNFO, anzisha kazi nzito kama Cinebench, kisha usome kasi ya kila kiini wakati inafanya kazi. Hapo ndipo ukweli uko.

Tatu, Windows. Ingia kwa mpango wa umeme, angalia kiwango cha juu cha prosesa. Kikiwa 99 badala ya 100, prosesa haijisukumi juu ya kasi ya msingi. Asilimia moja hiyo imewapotezea watu wikendi nzima. Pia kama una programu ya kuovakloki ndani ya Windows na umeweka pia kwa BIOS, hao ni mabosi wawili kwa ofisi moja, mmoja atafuta kazi ya mwingine. Chagua mmoja.

Nne, joto. Prosesa nyingi za Intel zikifika nyuzi 100 zinajishusha kasi zenyewe zisiungue. Kwa hivyo inawezekana ovakloki ilishika, ikakaa sekunde 20, joto likaishusha. Wanaokaa Mombasa, Kisumu, Garissa, hii ni yenu kabisa. Mashine ya kutoka nje imekuja na vumbi la miaka na ile pesti ya joto imekauka kama chapati ya juzi. Hapo unaongeza kasi ya nini?

Tano, kikomo cha umeme. Kuna namba kwa BIOS inayosema prosesa ile wati ngapi kwa muda mrefu. Ikifika hapo inarudi nyuma hata kama kizidishi kiko juu. Na kuna kitu kinaitwa AVX: kwa kazi fulani nzito madabodi zingine zimepangiwa kushusha kizidishi makusudi. Angalia kama hiyo ofseti ni sifuri.

Sita, na hii ni yetu sisi tunaoishi na stima ya kupotea. Unaweka setingi, inashika, stima inapotea, inarudi, kila kitu kimefutika. Angalia tarehe ya kompyuta. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ya madabodi imekufa. Ni ile ya duara, CR2032, volti 3, unapata kwa duka la saa au la vifaa vya simu. Ibadilishe. Na kama mashine inajaribu kuwaka mara mbili tatu kisha inakuja na setingi za kiwandani, hiyo madabodi inakuambia uliomba sana. Shusha kizidishi kidogo kidogo mpaka ikubali.

Na wale wa laptopu: kabla ya chochote, angalia chaja. Laptopu zingine zikiona chaja zisizoitambua zinaishusha prosesa mpaka inatambaa. Unaweza kulaumu Windows mwaka mzima na shida ni chaja ya mia tano ya kando ya barabara.

Tulichofanya

Nilienda kwake Jumamosi. Hatukugusa kizidishi hata mara moja.

Tulifungua kasha. Vumbi lilikuwa limejaza feni. HWiNFO ilikuwa imeonyesha nyuzi 97 na viini vinashuka mpaka 2.9GHz kazi ikiwa nzito. Maana yake mashine iliyouzwa kama 4.8 haikuwa inafika hata ile kasi yake halali ya 3.7. Tukapuliza vumbi, tukafuta pesti ya zamani, tukaweka mpya. Joto likashuka mpaka 71, viini vyote vikakaa 3.7 bila kuyumba. RAM ilikuwa kijiti kimoja, tukaongeza cha pili kinachofanana ili zifanye kazi kwa njia mbili. Ile video ya dakika 70 ikatoka kwa dakika 52.

Kisha tukaingia BIOS, tukawasha zile picha za ndani ya prosesa zilizokuwa zimezimwa kwa sababu kuna kadi ya picha. Prosesa hizi zina sehemu maalum ya kutengeneza video inayoitwa Quick Sync, na programu nyingi za kuhariri zinajua kuitumia. Muda ukashuka tena, akacheka kwa mara ya kwanza tangu anunue hiyo kitu.

Gharama yote ilikuwa pesti na kijiti kimoja cha RAM. Hiyo ndiyo "ovakloki" ambayo muuzaji angempa kama angekuwa fundi na si mwimbaji.

Jumatatu tukarudi dukani. Nikamwonyesha tangazo lake, nikamwonyesha CPU-Z. Akasema, "Mkubwa, soma risiti, bidhaa ikishauzwa hairudi." Nikamwambia Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa kikamilifu. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inayokataza kumdanganya mnunuzi kuhusu kile anachouziwa. Maandishi madogo ya risiti hayafuti hayo. Akacheka. Akaniuliza kama mimi ni wakili.

Mimi si wakili. Lakini Mahakama ya Madai Madogo haihitaji wakili, na inasikiza madai mpaka milioni 1. Binamu yangu ana picha ya tangazo, ana ujumbe wa M-Pesa, ana sauti ya WhatsApp ya "kama haishiki hujui kuweka". Vyote viko kwa bahasha ya kaki, juu ya hiyo mashine. Anasema akimaliza harusi ya mwisho wa mwezi ataenda. Nimemwambia nitamsindikiza, na nitasimama nyuma yake, si mbele, kwa sababu kesi ni yake na sasa anaijua vizuri kuniliko.

Kwako wewe unayepanga kununua: usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Beba CPU-Z na HWiNFO kwa fleshi. Soma jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho. Soma madabodi. Endesha kazi nzito dakika 10 na uangalie joto na kasi. Muuzaji akikataa, amekujibu. Ondoka, maduka ni mengi. Na tangazo lolote linalosema GHz bila kusema jina kamili la prosesa, lipige picha kabla halijafutwa.

Na ukishindwa usiku kucha kupandisha hiyo namba, funga kompyuta ulale. Kesho asubuhi uliza kwanza nani alishika funguo.